Jinsi ya kutengeneza glosari inayobofyeka kwenye kozi ya onlaini (kwa wanaoanza)

Haya wadau. Kuna maswali matatu yananijia kila nikifungua simu, siku hizi yanakuja mpaka kwa voisi: "mwalimu, unafanyaje neno gumu liwe linabofyeka?", "glosari yangu mbona hakuna anayeifungua?" na "nimeingiza maneno yote ila kwenye somo hayawaki (yaani hayageuki linki)". Wanaouliza wengi ni walimu wa vyuo vya utalii hapa Moshi na Arusha, wapo pia mabwana shamba na watu wanaofundisha vyama vya ushirika wa kahawa. Naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Tuelewane kwanza. Ule ukurasa wa mwisho wa PDF wenye maneno A mpaka Z, hausomwi na mtu. Ninachoongelea mimi ni hiki: mwanafunzi anasoma somo, anakwama kwenye neno, analigusa palepale, maana inatokea, anafunga, anaendelea na somo lake. Basi. Kadi, michezo, sauti, hizo ni nyongeza tu, ukikosa la kwanza hizo nyingine hazikusaidii kitu.

Nitatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za onlaini, kwa sababu ni ya bure na vyuo vingi wanayo tayari, na mifano nitachukua kwenye kozi za aina mbili ambazo huku kwetu zinafundishwa sana, ya waongoza watalii wa mlimani na ya wakulima wa kahawa.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Somo lililokwisha kuandikwa, hata rasimu. Glosari haitangulii kozi.
- Akaunti ya Moodle ya mwalimu mwenye ruhusa ya kuhariri, pamoja na namba ya simu ya admini (msimamizi wa mfumo) wenu, maana kuna swichi moja ni yake tu na atakuzungusha, anza kumtafuta leo.
- Spredishiti, Excel au Google Sheets yoyote.
- Simu ya bei ya chini yenye kioo kidogo. Ile yako nzuri iache mfukoni.
- Wanafunzi watatu wanne wa kweli wa hiyo kozi.
- Mtaalamu mmoja wa kuthibitisha maana. Kama ni kozi ya afya mlimani au dawa za shambani hapa hakuna mjadala, usijitungie.

Hatua zenyewe

1. Okota maneno kutoka kwa wanafunzi. Chapisha masomo mawili, wape kalamu, waambie wazungushie kila neno lililowasimamisha. Usiwaulize "hamjaelewa nini", watakwambia tumeelewa vyote mwalimu. Ukikusanya karatasi utashangaa. Mtaalamu wa kahawa ataweka "kupogoa" kwenye glosari, wakati mkulima wa Kibosho amezaliwa kihambani (shamba la familia) na amepogoa tangu mdogo, kinachomsumbua ni "stakabadhi ghalani" (risiti ya mazao yaliyowekwa ghalani) na "gredi" (daraja la ubora). Kwenye kozi ya mlima ni hivyohivyo, mtu aliyebeba mizigo misimu kadhaa humfundishi maana ya kuzoea mwinuko, anaijua kwa mwili wake, ila akikutana na "ataksia" (kuyumba wakati wa kutembea) au "SpO2" (kiwango cha oksijeni kwenye damu) kwenye fomu anaruka mstari. Hayo ndiyo maneno yako.

Kwa kozi moja ya kawaida baki kwenye maneno 30 mpaka 50. Najua kuna mtu atasema yake ina 300. Kama somo lako lina maneno 300 yasiyoeleweka, tatizo sio glosari, rudi ukaandike somo upya.

2. Weka kwenye jedwali kwanza, sio moja kwa moja kwenye Moodle. Safu tano zinatosha: neno, maana, maumbo mengine ya hilo neno, somo linapotokea mara ya kwanza, na nani amethibitisha. Hiyo ya mwisho watu huwa wanairuka halafu kozi ikishaanza mwanafunzi anapinga maana na hakuna anayejua ilitoka wapi.

3. Andika maana fupi inayomwambia mtu afanye nini. Sentensi mbili tatu. Ya kwanza ijitosheleze, kwa sababu kwenye simu ndogo wengi wanaishia hapo. Usieleze neno gumu kwa neno gumu jingine, na usinakili kamusi, kamusi haijui mwanafunzi wako yuko wapi.

Angalia hii, ndiyo aina ninayoletewa mara nyingi:

*HAPE: ni edema ya pulmonari inayotokana na haipoksia katika maeneo ya mwinuko mkubwa.*

Hapo maneno ya kutafutwa yamekuwa matatu badala ya moja. Sasa hii:

*HAPE: maji kujaa kwenye mapafu kwa sababu ya mwinuko. Mgonjwa anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, wakati mwingine kikohozi kina povu, midomo inaweza kugeuka bluu. Mpe oksijeni kama ipo na mshushe mara moja, usisubiri kukuche.*

Ya kahawa nayo, kwa mtindo uleule: *Chulebuni: ugonjwa wa ukungu unaoshambulia kahawa ikiwa bado mbichi. Utaona madoa meusi yaliyobonyea kwenye tunda la kijani. Usichanganye na kutu ya majani, ile inaonekana kama unga wa rangi ya chungwa chini ya jani.* Mstari wa "usichanganye na" una thamani kuliko yote, uweke popote kunapokuwa na vitu viwili vinavyofanana.

4. Andika maumbo yote ya neno. Hapa ndipo glosari nyingi za Kiswahili zinafia, na maelekezo mengi utakayoyakuta hayagusi hili kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Moodle haijui sarufi. Inatafuta herufi ulizoandika kama zilivyo. Kiswahili neno linabadilika kichwani na pia linaongezewa mkiani, kwa hiyo ukiingiza "mche" peke yake, "miche" haitawaka hata kidogo. Ukiingiza "kitalu" utakosa "vitalu", "kitaluni" na "vitaluni", na kwenye somo la miche hiyo "kitaluni" ndiyo inayotokea kila aya. Ukiingiza "kilele" umekosa "kileleni", na nani huku kwetu anasema "kwenye kilele"?

Dawa yake ni ile sehemu ya maneno mbadala ambayo kila neno la glosari linayo, imeandikwa "Keyword(s)". Unaandika kila umbo kwenye mstari wake. Sio kwa koma! Ukitenganisha kwa koma mfumo unaona ni neno moja refu na hautalikuta popote.

Kuyapata maumbo bila kuumiza kichwa, fungua somo, bonyeza Ctrl+F, tafuta shina badala ya neno zima. Andika "talu" utaona vitalu, kitaluni, vyote vinajitokeza. Andika "pagazi" utapata mpagazi na wapagazi, na hapohapo ongeza "wagumu" kama somo limetumia, maana ndivyo wanavyoitana wenyewe mlimani. Tahajia nazo zinatofautiana, mwandishi mmoja ameandika oksijeni mwingine oksijini. Sawazisha kwenye somo kama una mamlaka nalo, kama huna weka zote mbili.

Vitenzi achana navyo. "Shusha" peke yake ina mshushe, ameshushwa, tutamshusha, asiposhushwa, utazeekea hapo. Chukua nomino, na pale ambapo kitenzi ni lazima kielezwe weka linki kwa mkono mara moja, mahali kinapotokea kwanza.

Kuna jambo lingine dogo linaloliza watu, alama ya ng'. Ukiandika somo kwenye Word ile alama inajipinda yenyewe (’), ukiingiza neno kwenye glosari kwa kibodi inakuwa imenyooka ('). Kwa macho yako ni ng'oa na ng'oa. Kwa Moodle ni vitu viwili. Kila neno lenye ng' liandike kwa alama zote mbili kwenye maneno mbadala na umalize habari.

5. Tengeneza glosari kwenye kozi. Washa hali ya kuhariri, ongeza shughuli, chagua Glossary. Ipe jina la kawaida tu, "Maneno ya kozi" inatosha. Setingi za kugusa ni chache:

- Aina: iache "secondary". Ile "main" inakuwa moja tu kwa kozi na ni ya kukusanyia maneno kutoka glosari nyingine, anayeanza haihitaji.
- Kuunganisha maneno yenyewe ("Automatically link glossary entries"): ndiyo. Bila hii kazi yote ni bure.
- Kuidhinisha moja kwa moja: hapana, kama utawaruhusu wanafunzi waongeze maneno.
- Mwonekano: ule wa kamusi rahisi. Ensaiklopidia inapendeza kwenye kompyuta, kwenye simu inakula kioo.

6. Mpigie admini. Mwambie aende kwenye usimamizi wa tovuti, plagini, filta, sehemu ya kusimamia filta, awashe "Glossary auto-linking". Ndiyo filta inayopitia maandishi ya somo na kugeuza maneno ya glosari kuwa linki. Ina hali tatu: imezuiwa kabisa, imezimwa lakini inapatikana, au imewashwa. Akikuwekea hiyo ya pili unaweza kuiwasha mwenyewe ndani ya kozi yako, na kwa chuo chenye kozi nyingi naona hiyo ndiyo nzuri zaidi, kila mwalimu anaamua. Mwambie pia filta ifanye kazi kwenye maudhui tu na sio kwenye vichwa vya habari, vinginevyo majina ya masomo yako yatageuka linki na mwanafunzi akitaka kufungua somo anafunguliwa maana ya neno.

Ukiwa naye bado kwenye simu muulize kuhusu kuunganisha neno mara moja tu kwa kila ukurasa. Ukurasa ambao "kahawa" imewaka mara kumi na nane unachosha macho. Ila hiyo setingi inagusa tovuti nzima, kwa hiyo atataka kuongea na wenzako kwanza, na ana haki.

7. Ingiza maneno. Moja moja, kwa mkono, unanakili kutoka kwenye jedwali. Excel haiingii moja kwa moja, Moodle inapokea faili la XML tu (faili la maandishi lenye tagi za kompyuta), na kwa maneno 40 kutengeneza XML ni kujitafutia kazi. Kila neno lina visanduku vitatu chini. Cha kwanza, liunganishwe lenyewe, weka tiki. Cha pili, kutofautisha herufi kubwa na ndogo, acha wazi isipokuwa kwa vifupisho kama AMCOS (chama cha ushirika cha masoko ya mazao). Cha tatu, kulinganisha neno zima tu, weka tiki na usije ukaiondoa hata ukishauriwa na nani.

Sababu ni hii. Mtu akichoka na hatua ya 4 anaona njia ya mkato, "si nikiondoa hiyo tiki 'tawi' itawaka hata ndani ya 'matawi'?" Itawaka kweli. Na "buni" nayo itawaka ndani ya "kubuni", ndani ya "ubunifu", ndani ya "chulebuni". Fikiria utangulizi wa kozi unaosema tunathamini ubunifu wa mwanafunzi, halafu anabofya analetewa kahawa iliyokaushwa na maganda yake.

Ukimaliza kuingiza, toa nakala ya XML na uihifadhi. Hiyo ndiyo itakayokusaidia ukitaka kuhamisha maneno kwenda kozi nyingine mwakani.

8. Picha na sauti, kwa kiasi. Picha iende pale maneno yanaposhindwa. Ile kutu ya majani piga chini ya jani, juani asubuhi, jani moja tu kioo kizima. Ipunguze mpaka chini ya KB 100 kabla ya kuipandisha, wanafunzi wako wananunua bando la siku. Kihariri cha Moodle kina kitufe cha kurekodi sauti, tumia kwa maneno ya kigeni ambayo mwongozaji atalazimika kuyatamka mbele ya mgeni au kwenye redio ya uokoaji. Maneno ya Kiswahili hayahitaji, wanajua kuyasoma.

9. Wape kitu cha kufanya nayo. Rahisi kuliko yote ni bloku inayoonyesha neno moja la bahati nasibu pembeni ya kozi, unaiweka na kuisahau. Ukitaka zaidi, H5P (zana ya kutengenezea mazoezi ndani ya Moodle) ina kadi za kugeuza na zoezi la kuburuta maneno kwenye nafasi, bora wafanye kabla ya mtihani kuliko kila wiki. Ninachokipenda mimi ni kuwapa wanafunzi waandike wenyewe: kila mmoja maneno mawili kutoka kwenye kazi yake, na unaweza kuweka kwamba shughuli haihesabiki imekamilika mpaka awe ameandika idadi hiyo. Wapagazi waliosoma wana maelezo mazuri kuliko ya vitabu. Pitia kila moja kabla ya kuidhinisha, utani utakuwemo.

10. Jaribu kwenye ile simu ndogo. Ingia kama mwanafunzi, sio kama mwalimu. Gusa maneno matano kwa kidole gumba ukiwa umesimama. Je, maana inaonekana bila kuvuta pembeni? Kufunga ni rahisi? Ukifunga unarudi ulipokuwa au juu ya ukurasa? Halafu kama kozi inapakuliwa kwenye app ya Moodle, ipakue ukiwa na mtandao, weka simu kwenye hali ya ndege, jaribu tena. Kwa kozi ya mlima hili si la hiari, mtu anapakua akiwa mjini Moshi na kusoma akiwa kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro, mita 3,720, mtandao unakuja na kuondoka.

Makosa ninayoyaona sana

Kutegemea maana inayotokea ukipitisha mshale juu ya neno. Simu haina mshale. Kuna mtu atakuonyesha glosari nzuri kwenye laptop inayojifungua yenyewe ukilisogelea neno, pendeza nayo halafu muulize inafanyaje kwenye simu.

Maneno yenye maana mbili. "Mbuni" ni mti wa kahawa, ni ndege mkubwa wa mbugani, na ni mtu anayebuni vitu. Kwenye kozi ya kahawa tupu hakuna shida. Kwenye kozi ya utalii inayoanzia shamba la kahawa Materuni na kuishia Ngorongoro, mwanafunzi anasoma kuhusu ndege analetewa mti. Neno la namna hiyo liondolee tiki ya kujiunganisha, uliunganishe kwa mkono, au liingize likiwa refu, "mbuni wa kahawa", na somo nalo uandike hivyo.

Kuanzisha glosari mpya kwa kila wiki ya kozi. Neno moja linakuwa na maana tatu zinazopishana, na kurekebisha moja hakugusi nyingine.

Ikigoma

*Hakuna neno hata moja linalowaka.* Kabla ya yote, somo lako ni PDF au PowerPoint iliyopandishwa? Filta inasoma maandishi yaliyo ndani ya kurasa za Moodle tu, haiingii ndani ya PDF, wala picha, wala video, na zoezi la H5P nalo usilitegemee. Hamishia maandishi kwenye ukurasa wa Moodle. Kama tayari ni ukurasa, basi ni filta, rudi hatua ya 6.

*Mengine yanawaka mengine hapana.* Umbo linakosekana, au koma kwenye maneno mbadala, au ng'. Nakili neno lenyewe kutoka kwenye somo ulibandike kwenye maneno mbadala, usiliandike upya kwa mkono.

*Neno jipya halionekani.* Mfumo umehifadhi nakala ya zamani ya ukurasa. Subiri kidogo, fungua upya, ikishindikana admini asafishe kashe.

*La mwanafunzi halionekani kwa wenzake.* Linasubiri uliidhinishe.

*Yanawaka lakini hawabofyi.* Fungua ripoti ya kumbukumbu za kozi uone maneno yaliyofunguliwa. Yasiyoguswa kabisa wiki nne yaondoe, hayakuwa magumu. Linaloguswa na karibu kila mtu, nenda kwenye somo ukalieleze hapohapo kwenye sentensi, lisingoje kubofywa.

Kama huna Moodle

Google Classroom haina glosari ya namna hii. Tengeneza hati moja ya Google Docs, kila neno liwe kichwa cha habari, halafu kwenye somo uweke linki inayopeleka kwenye kichwa hicho. Ni kazi ya mkono ila kwa maneno 20 inawezekana. Anayejenga ukurasa wake mwenyewe atumie tagi za details na summary za HTML, zinafunguka kwa kugusa bila skripti yoyote. Na kama kozi yako yote iko WhatsApp, usilazimishe glosari, weka maana ndani ya ujumbe wenyewe, mstari mmoja chini ya neno linapotajwa mara ya kwanza.